Hizo Nyingine Umezipeleka Wapi?

Kamera ndogo ya kompyuta niliipata Bukoba, ya mtumba. Nilizungusha lenzi yake mpaka ikatoka, na mahali pake nikagandisha kikopo cha filamu ya zamani. Kipenyo chake hukaribia inchi moja na robo, kwa hiyo kinaingia barabara kwenye mdomo wa darubini, pale mtu anapochungulia.

Usiku mmoja huko Muleba, kibanjani kwa Bibi, nilirekodi Zohali kwa dakika mbili: picha 1,200. Hewa hutikisa mwanga, hivyo nyingi zilikuwa na ukungu. Programu ilichagua 100 zilizo bora, ikazipanga moja juu ya nyingine, na pete zikajitokeza safi.

Bibi, ambaye usiku ule alichungulia kwa jicho lake, aliitazama picha ile kwa muda.

"Mjukuu wangu, niliyoiona mimi ilikuwa inatetemeka. Hizo nyingine umezipeleka wapi?"

"Nimezifuta, Bibi."

Je, nilidanganya? Kuhusu Zohali, hapana. Mtetemo ulikuwa wa hewa, si wa sayari. Lakini msibani nako huwa tunachagua. Tulipomzika baba tulisimulia siku zake njema, nyingine tukazifuta. Kwa Zohali najua ukungu ulitoka wapi. Kwa baba sijui kama ulikuwa wake au wa macho yangu.

Naona kuchagua si kosa. Kosa ni kuficha kwamba umechagua. Siku hizi chini ya kila picha naandika: 100 kati ya 1,200. Ya baba bado sijaiandika.