Kicheko na Lafudhi ya Jirani

Je, ni dhambi kuiga lafudhi ya mwenzetu ili watu wacheke? Wengi huliona swali hili dogo, nasi hatutaki kuwanyima Wakristo kicheko. Lakini tumewaona waumini wanaokataa kusoma Neno ibadani kwa sababu "r" yao hutoka "l", na usomaji wao huigwa nje ya kanisa. Hapo swali si dogo tena.

Sisi wa Tabora tuna urithi wa kutusaidia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, iliwakutanisha wapagazi Wanyamwezi na Wazaramo wa pwani, na utani ukakua kati yao. Mtani huiga usemi wako mbele ya watu, wala hukasiriki. Ila utani una masharti: nawe una haki ya kumjibu, na siku ya msiba mtani huyohuyo huja kushika kazi za mazishi. Anayekucheka ndiye atakayekuzika.

Kwenye runinga masharti hayo hulegea. Marafiki wakiiga Kiingereza cha mabwana wa Uingereza, bwana hapungukiwi kitu. Akiigwa mnyonge, hana pa kujibia. Hata hivyo tusihukumu upesi. Mzee Ojwang' wa "Vitimbi" kule Kenya aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyesema kwa lafudhi ya Kijaluo, na alipofariki mwaka 2015 wengi walimlilia. Kuiga kunaweza kubeba upendo.

Lakini Maandiko yanatuonya. Katika Waamuzi 12, kwenye vivuko vya Yordani, Waefraimu walipimwa kwa neno moja, Shibolethi, na waliokufa wakati ule walikuwa 42,000. Petro naye alitambuliwa uani kwa usemi wake, akaogopa, akakana. Sikio linalochekea lafudhi leo laweza kubagua kwayo kesho.

Luther, akieleza amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kukataza uongo. Alitaka pia tumtetee jirani na kumnenea mema. Basi tujiulize: huyu tunayemwiga, akituiga nasi tutacheka? Akifiwa, tutakwenda kuchimba kaburi? Kama ndivyo, tucheke naye. Kama sivyo, tunyamaze kwanza, tukamjue. Siku ya Pentekoste Roho hakuwangoja wageni waseme kama watu wa Yerusalemu. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake.