Ahadi ya Karatasi

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Sidhani kuwa waliponena hivyo walikuwa wakifikiria noti, kwani fedha yao ilikuwa na uzito mkononi. Hata hivyo, noti yastahili usemi huo kuliko kitu kingine chochote. Karatasi yenyewe haina thamani. Thamani yake ni neno la aliyeitoa kwamba atamlipa atakayeileta. Basi swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: mtoa ahadi akiondoka na karatasi ikabaki mkononi mwa watu, deni huwa la nani? Na sisi tunaokusanya karatasi hizo kwa mapenzi ya mambo ya kale, tunakusanya nini hasa?

Miaka kadhaa iliyopita nilivuka kutoka Kilindoni, Mafia, hadi Nyamisati, katika delta ya Rufiji, pande ambazo leo zimo katika Wilaya ya Kibiti. Katika kijiji kimoja nyuma ya mikoko, mzee mmoja alinifungulia kisanduku chake. Chini ya hati za shamba la minazi palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Babu yangu alimbebea Mdachi mizigo ya vita," alisema, "akapewa hii. Alituusia tusiitupe, maana hajalipwa." Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo mmekuja kulipa?" Nikamjibu kwamba sikuja kulipa, nimekuja kununua. Tukapatana bei, nikaondoka nayo.

Nyumbani nilianza kuitambua, kwa ada ya wakusanyaji. Noti za mwanzo za Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilizotolewa tangu 1905, zilichapwa Ujerumani kwa ustadi: noti ya rupia 5 ina simba, na ile ya rupia 50 ina sura ya Kaisari. Yangu haikuwa na simba wala mfalme. Ilikuwa noti ya muda, ya rupia 1, imeandikwa Dar es Salaam, tarehe 1 Novemba 1915. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari. Watu wakaficha rupia zao za fedha, na serikali ikabaki bila sarafu. Ndipo noti zikachapwa humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mkusanyaji huzitenganisha kwa tarehe, mji, herufi ya toleo, nambari na sahihi. Za mwisho, za tarehe 1 Julai 1917, zilipigwa kwa mihuri, na wajuzi huziita noti za porini. Ukizipanga kwa tarehe utaona dola inavyofifia.

Delta ilikuwa katikati ya mambo hayo. Humo ndimo ilimojificha manowari Königsberg, hadi ilipoangamia tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikaopolewa na kukokotwa kwenda kupigana nchi kavu. Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalisongamana kandokando ya mto Rufiji, penye mvua, homa na njaa. Mizigo ilibebwa vichwani. Waliobeba hawakuandikwa katika vitabu vya ushujaa. Wengi wao ushahidi wao ni kikaratasi kama kile, kama si kaburi lisilojulikana.

Sasa zitazame noti za Serikali ya Zanzibar, zilizotolewa kuanzia 1908. Mwaka 1936 rupia ya Zanzibar iliachwa, ikashika nafasi yake shilingi ya Afrika Mashariki, na kila rupia ikahesabiwa shilingi moja na nusu. Aliyekuwa na noti aliipeleka, akalipwa. Kwa hiyo leo noti hizo ni adimu mno, na bei yake huwatisha matajiri. Ile ya rupia 1 ya Mdachi ipo tele, na bei yake ni ndogo. Nilipolitambua hilo nilistaajabu. Noti iliyotimiza ahadi ilirudi kwa mwenyewe ikateketea. Iliyovunja ahadi ndiyo iliyobaki masandukuni. Waama, albamu ya mkusanyaji, ukiisoma vyema, ni daftari la madeni yasiyolipwa.

Yupo atakayesema: wote wamekufa, dola ile haipo, muuzaji aliridhia, dhambi iko wapi? Ni hoja nzito, wala siwezi kuipuuza. Lakini katika desturi zetu deni halifi na mtu. Hutolewa katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Na ridhaa ya asiyejua si kamili mbele ya ajuaye. Kweli, bei niliyompa mzee haikuwa ya dhuluma, kwa kuwa noti yenyewe ni ya bei ndogo. Nilichomnyima hakikuwa fedha. Yeye aliniuliza habari za deni, mimi nikamjibu kwa bei, kana kwamba bei ikilipwa deni nalo limekwisha.

Kosa hilo lilinidhihirikia nilipotafsiriwa maandishi ya noti ile. Yasema kwamba benki itamlipa mwenye kuileta, bila kuchunguza yeye ni nani. Mpagazi asiyeandikwa popote alipewa karatasi iliyoapa kutomuuliza jina.

Nikavuka tena hadi Nyamisati. Nilimsomea mzee maneno yale kwa Kiswahili, pole pole, mara mbili. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi babu hakutudanganya." Nikamrudishia noti, naye akaikunja mara nne na kuiweka chini ya hati zake. Hakuniuliza tena kama nimekuja kulipa.

Tangu siku hiyo sijaacha kukusanya, ila nimejiwekea sharti. Kabla ya kutaja bei, humsomea mwenye noti ahadi iliyoandikwa; na nikiruhusiwa kuichukua, huandika kando yake kazi iliyofanywa ili ipatikane. Najua silipi chochote kwa kufanya hivyo. Rupia imekufa, heller yake imebaki katika ulimi wetu kwa jina la hela, na deni lipo pale pale. Ila deni linalokumbukwa na wawili ni zito kulitupa kuliko linalokumbukwa na mmoja.