Ole Wake Anunuaye Hedifoni Yatima

Simama hapo hapo, ndugu mpenda muziki! Simama kabla hujaweka namba ya siri na kutuma hiyo pesa. Umeipenda hedifoni, umesoma sifa zake usiku kucha, umemshawishi mwenzako nyumbani kwamba kitu kizuri hununuliwa mara moja. Sawa. Sasa nijibu: nani ataisukuma? Umeitafutia amplifaya inayolingana nayo, au unataka kuileta nyumbani yatima, uichomeke kwenye simu, kisha uanze kulia kwamba umeibiwa?

Wengi wamelia hivyo. Wamenunua hedifoni ya bei ya kompyuta, wameivaa, wamesikia sauti ndogo na besi iliyopooza, wakasema, “Kumbe ni jina tu.” Nami nawaambia: hamkuibiwa. Hamkuuliza.

Tuitazame Sennheiser HD 600, mkongwe aliyeingia sokoni mwaka 1997 na hadi leo hajang'oka. Ukinzani wake ni omu 300. Ukiipa volti 1 inatoa desibeli 97. Kile kiwaya kifupi cha Apple cha kuunganishia hedifoni na simu, toleo la Marekani, hutoa takriban volti 1. “Basi desibeli 97 hazitoshi?” Utaniuliza, na unauliza vyema. Hizo 97 ni kilele, pale rekodi inapogonga dari. Bongo fleva ya leo hubanwa studio ikakaa karibu na dari mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo simu itaimudu na utaniona mwongo. Lakini weka rekodi ya okestra, au ya taarab ya zamani ambayo hakuna fundi aliyeibana, na wastani wake waweza kukaa desibeli 20 chini ya kilele. Umebakiwa na 77. Unabonyeza kuongeza sauti, imefika mwisho, na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, bado inalia kwa mbali kama iko chumba cha jirani.

Ukitaka vilele vya desibeli 110, ili muziki upumue bila kukatwa, HD 600 inadai kama volti 4.5. Na nguvu? Miliwati 67. Sikieni, enyi waabudu wati! Miliwati sitini na saba! Kuna mtu anazunguka mjini akitafuta amplifaya ya wati nzima nzima kwa ajili ya hedifoni isiyofikisha hata sehemu ya kumi ya wati moja. Hedifoni hii haitaki misuli, inataka volti.

Mwingine atasema: nimeelewa, omu nyingi ni ngumu, omu chache ni rahisi, nitanunua ya omu chache nikae kwa amani. Hapana! Huo ndio uongo unaoenea kuliko yote, na naupinga kwa jina: HiFiMan HE-6. Hii ni hedifoni ya utando bapa, aina ambayo utando mzima hutandazwa mbele ya sumaku na kusukumwa kote kwa pamoja. Ukinzani wake ni omu 50 tu. Ukiishia kusoma hapo utajiona umeokoka. Soma mstari wa pili: kwa miliwati 1 inatoa desibeli 83.5. Kuifikisha 110 unahitaji miliwati zipatazo 450. Volti zake hazizidi sana zile za HD 600, ni kama 4.7, lakini mkondo unaruka kutoka miliampea 15 hadi karibu 95. Mara sita! Amplifaya ndogo iliyoibeba ile ya omu 300 bila jasho itaishiwa pumzi hapa. Ndiyo maana wamiliki wa HE-6 walifikia kuzifunga kwenye amplifaya za spika, na watu wakawacheka, na wao wakasikia besi ambayo wachekaji hawakuisikia.

Basi omu peke yake haikuambii kitu. Soma omu pamoja na wepesi wa sauti, yaani desibeli inazotoa, na mwangalie mwandishi wa boksi machoni: desibeli zake ni kwa volti au kwa miliwati? Kampuni moja huandika hivi, nyingine vile, na namba mbili zinazofanana zikawa na maana tofauti kabisa. Hizo 97 za HD 600 ni kwa volti. Ukizigeuza ziwe kwa miliwati zinashuka hadi karibu 92. Mnunuzi asiyejua hili hulinganisha vitu viwili kwa mizani mbili na kuamini amepima.

Na kuna namba ya tatu, ile inayofichwa. Ukinzani wa amplifaya yenyewe, pale kwenye tundu la kuchomekea. Wauzaji wengi hawaitaji kabisa, na wengine ukiwauliza wanakutazama kana kwamba umewatukana. Iulize hivyo hivyo! Omu 300 za HD 600 ni namba ya boksini tu. Karibu na hezi 100, kwenye besi, ukinzani wake hupanda kupita omu 500. Amplifaya yenye ukinzani mdogo haijali hilo. Yenye omu 120 itajali, na besi itavimba kwa kama desibeli moja kuliko ilivyo kwenye rekodi. Kanuni ya mafundi ni rahisi: ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Hedifoni ya Grado ya omu 32 inataka amplifaya isiyozidi omu 4. Hedifoni za utando bapa zina unafuu hapa, kwa sababu ukinzani wao hauyumbi, kwa hiyo hata tundu baya litapunguza sauti bila kupotosha rangi yake. Lakini ile amplifaya kubwa ya zamani pale sebuleni? Nyingi kati ya hizo hazina sakiti ya hedifoni: umeme wa spika hupitishwa kwenye rezista za mamia ya omu ukafika kwenye tundu. Usiichomeke Grado yako humo.

Niwe mkweli, maana mahubiri bila ukweli ni kelele. Kuna amplifaya ya vali iitwayo Bottlehead Crack, unayoiunga mwenyewe kwa chuma cha kulehemu, na ukinzani wake ni takriban omu 120. Kwa kanuni niliyotoka kuitaja, imeanguka mtihani. Hata hivyo, waliowahi kuioanisha na HD 600 au nduguye HD 650 wanaipenda kupita kiasi, kwa sababu lile ongezeko dogo la besi linazikalia vizuri hedifoni hizo. Sioni dhambi. Dhambi ni kutojua unachokisikia, kisha kuipeleka Crack hiyo kwenye hedifoni ya utando bapa ya omu 50 na kushangaa imekuwa butu kwa kukosa mkondo.

Tubuni pia ibada ya bei! Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, na hakupata uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa sauti kutoka besi hadi juu. Kwa upande wa amplifaya, mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy alitoa michoro ya amplifaya aliyoiita O2 bila malipo, ukinzani wake kama nusu omu, vipimo vyake safi, gharama yake ndogo. Jina lake halisi hakulitangaza. Mchoro ukabaki, na watu wakaiunga duniani kote. Baada ya hapo, anayekuambia kwamba usafi wa sauti unaanzia dola elfu moja, mwombe vipimo.

Chagua hedifoni kwanza, amplifaya baadaye. Amplifaya haiponyi hedifoni mbaya. Nenda dukani na muziki wako mwenyewe, ule unaoujua hadi pumzi ya mwimbaji: sauti ya Bi Kidude na mikwaruzo yake yote, au udi na kanuni za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza Unguja mwaka 1905. Sikiliza uzi wa kanuni unavyofifia, kama unafifia polepole au unakatika. Ukilinganisha hedifoni mbili, sawazisha sauti kwanza, maana yenye desibeli moja zaidi itaonekana bora hata kama si bora, na muuzaji mjanja analijua hilo. Ivae muda mrefu. HD 600 ina gramu 260, lakini LCD-2 ya Audeze inapita nusu kilo, na shingo yako ndiyo itakayotoa hukumu. Uliza kama pedi na waya vinauzwa peke yake. Na ya mgongo wazi usiipande nayo daladala: abiria wote watasikia nyimbo zako, nawe utasikia kondakta.

Halafu masikio. Amplifaya yenye nguvu ni jaribu kubwa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza zisizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 una dakika 15. Shusha sauti kabla ya kuchomeka, anza na swichi ya ukuzaji ikiwa chini, na zile za kuingiza sikioni, zinazoitikia kwa miliwati kidogo sana, usizichomeke kwenye amplifaya ya kusukumia HE-6.

Sasa nenda. Mwambie muuzaji akupe namba tatu: omu za hedifoni, desibeli zake kwa volti au kwa miliwati, na omu za tundu la amplifaya. Akizitaja, kaeni mzungumze bei. Akianza kukusifia rangi na boksi, funga pochi yako uende duka la pili.