JUMATANO: Amelala, Hakufichwa

Soma Yohana 11:11–14, 32–44. Yesu alieleza vipi hali ya Lazaro, na kwa nini hatimaye alisema waziwazi?

Nkuhungu, kama katika mitaa mingine ya Dodoma, kijana akifa ghafla, huenda kabla matanga hayajaanuliwa mtu akanong'ona: "Huyu hakufa. Amechukuliwa msukule." Husemwa kwamba kilichozikwa ni mgomba, kijana mwenyewe yu hai, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa usiku shamba la mchawi. Mama aliyefiwa akisikia hayo, atapataje usingizi? Atauza mbuzi na mtama uliosalia ili amlipe mganga anayeahidi kumrudisha.

Visa vya namna hii haviko Afrika pekee. Scotland, tangu zamani, watu wameimba habari za Tam Lin, kijana aliyetekwa na malkia wa majini. Mpenzi wake alimkumbatia usiku asimwachie, ingawa aligeuka nyoka mikononi mwake, mpaka akamkomboa. Mbona watu walio mbali hivyo husimulia jambo linalofanana? Ni kwa sababu upendo hukataa kuachana na mpendwa. Kisa hiki kikisikika kama kilio cha mfiwa, kina ukweli ndani yake: kifo ni adui kweli (1 Wakorintho 15:26).

Lakini kikipokewa kama habari ya jambo lililotukia, kinaleta madhara. Kwanza, kinapingana na Neno, lifundishalo kwamba wafu hawana fahamu (Mhubiri 9:5, 6). Pili, palipo na aliyeibwa hutafutwa mwizi, na mara nyingi anayenyoshewa kidole ni bibi kizee jirani, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi.

Wengine watasema, "Lakini ameonekana!" Pengine aliyeonekana ni mgonjwa wa akili aliyepotea kwao, naye anahitaji matibabu. Tena Shetani aweza kujigeuza (2 Wakorintho 11:14). Ushuhuda wa macho hauwezi kuwa juu ya Maandiko.

Tazama Yesu alivyofanya. Hakuwaambia Martha na Mariamu kwamba ndugu yao amefichwa mahali. Alisema kwamba amekufa. Hakuwakemea kwa machozi yao, bali alilia pamoja nao. Kisha, mbele ya watu wote na bila malipo, akamwita Lazaro kwa jina. Mganga humwahidi mama kwamba mwanawe hakufa. Kristo anamwahidi kwamba mwanawe aliyelala katika Bwana ataamshwa (1 Wathesalonike 4:13–17). Tumaini hili halimtaki amchukie jirani yeyote.

Tafakari: Mama anasadiki kwamba mwanawe ni msukule. Ni lini ufundishe fundisho la hali ya wafu, na ni lini ukae tu naye mkekani na kulia? Kanisa lenu laweza kufanya nini wiki hii kumlinda bibi kizee anayesemwa vibaya mtaani?