Mnara wa Siloamu na Lori la Malanga

Usiku wa Jumamosi, Julai 17, 2021, lori la mafuta liligongana na lori la maziwa na kupinduka Malanga, huko Gem, kwenye barabara ileile itokayo Kisumu kuja kwetu Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Watu walitoka na mitungi kuchota petroli. Kisha moto ukalipuka. Waliokufa hawakupungua 13, na miongoni mwa majeruhi walikuwamo watoto.

Neno tulilolisikia zaidi baada ya msiba ule ni tamaa. Ndilo lililosemwa kuhusu Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, walipoteketea zaidi ya watu 100. Likasemwa tena ng'ambo, nchini Tanzania, baada ya moto wa lori la mafuta wa Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anauliza kama walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha anawageukia wanaomsikiliza na kuwataka watubu. Toba anaidai kwa walio hai. Nami naamini kwamba toba yetu sisi watu wa mpakani ina sehemu ambayo bado hatujaitimiza: kuuliza wale ndugu walikufaje, na kuuliza hadi jibu lipatikane na litumike.

Wazima moto wanaoijua kazi yao huuliza hivyo. Majivu yakishapoa, mchunguzi haanzi na mwenye dhambi. Anataka kujua mafuta yalitiririkia wapi, upepo ulivuma kuelekea wapi, cheche ilitoka wapi, watu walisimama umbali gani, na msaada ulichukua dakika ngapi kufika. Kwa maswali ya namna hiyo, pamoja na majaribio ya maabara, leo yanajulikana mambo ambayo kila mtu wa Malaba anapaswa kuyajua kama anavyoijua njia ya kwake. Kinachoshika moto ni mvuke wa petroli, nao hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua la Busia. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai. Hutambaa chini, ukaingia mitaroni, ukafuata mteremko hadi ukutane na jiko la makaa la mchoma mahindi au injini ya bodaboda. Hapo moto hurudi mbio hadi kwenye lori. Anayedhani yuko salama kwa kuwa miguu yake haijalowa anaweza kuwa amesimama katikati ya mvuke wenyewe. Maji matupu nayo hayasaidii sana, maana petroli huelea juu yake na kusambaa nayo. Ndiyo sababu zimamoto huhitaji povu.

Mwongozo wanaoutumia waokoaji wa Marekani, Kanada na Meksiko unasema kwamba lori la petroli likishika moto, watu waondolewe mita 800 kila upande. Mita 800! Zipime kutoka lango la mpaka wa Malaba, uhesabu vibanda, vyumba vya kulala wageni, na madereva na utingo wao waliolala ndani ya malori wakingoja zamu ya kuvuka. Jirani yetu Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya mafuta yake hufika Eldoret na Kisumu kwa bomba, kisha hupakiwa kwenye malori yanayopita katikati yetu usiku na mchana.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22, inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Amri hiyo haimkemei anayeanguka. Inajua kwamba watu hupanda darini, na inamdai mwenye nyumba. Vivyo hivyo, njaa itaendelea kuwavuta watu kwenye mafuta yanayomwagika bure, na anayekemea tamaa bila kuitaja njaa hiyo amesema nusu tu ya ukweli. Ukingo wetu uko wapi? Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, zimamoto ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa hiyo swali hili lina mtu wa kulijibu.

Basi nawaomba. Viongozi wa jumuiya, waalikeni wazima moto waje wazungumze na watu kabla ya ajali, wala si kwenye matanga. Ninyi wa bodaboda, kazi iliyozaliwa papa hapa mpakani, ndio mnaofika kwanza: simameni mbali, fungeni njia pande zote mbili, pigeni 999 au 112. Mama zetu wa vibandani, kama mvuke haujawafikia, funikeni makaa kwa mchanga, kisha ondokeni mbali na lori, wala msielekee upepo unakovuma. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Na wawakilishi wadi wakija kutusalimu kanisani, waulizeni mbele ya watu: je, kila moto wa Busia na Malaba huandikwa na kuchunguzwa? Povu lipo? Gari la zimamoto huchukua dakika ngapi kufika kwenye foleni ya malori? Msiwaache waondoke bila kujibu.