Juu ya Kutangua Agizo

Kutoa agizo ni kazi ya pumzi moja; kulitangua ni safari. Binadamu aghalabu husifiwa kwa kujua kuamuru, na huchekwa anapobadili nia, kana kwamba kubadili nia ni udhaifu siku zote. Walakini hapana mtu mwenye akili timamu ambaye hajapata kutamani kulirudisha neno lake kinywani. Kwa hiyo lafaa kuulizwa: mtu aliyetoa agizo, kisha akalijutia na kusema "basi", je, amekwisha kutoka katika lawama ya yatakayofuata? Au neno "basi" nalo lina masharti yake?

Swali ni kubwa, lakini laweza kuchunguzwa kwa kuanzia jambo dogo la nyumbani. Na achukuliwe kwa mfano mwalimu akaaye Tengeru, chini ya Mlima Meru, mwenye printa mezani pake. Usiku wa kuamkia mtihani anaiagiza kompyuta ichape karatasi ya maswali, nakala arobaini. Karatasi ya kwanza inapotoka anatambua kwamba amepeleka ile yenye majibu. Kwa haraka anachomoa waya wa umeme wa printa. Kimya kinaingia, naye anakwenda kulala akiamini kwamba jambo limekwisha. Alfajiri mwanawe, ambaye ni mwanafunzi wa darasa lile lile, anauchomeka waya ili achape kazi yake mwenyewe. Mashine inaamka, na majibu yanatoka karatasi baada ya karatasi mbele ya macho yake.

Mwalimu huyu hakutaka hata mara moja kuutoa mtihani. Agizo lilikuwa la makosa, na majuto yake yalikuwa ya kweli. Hata hivyo mtihani umevuja, na uliovuja umevuja kwa agizo lake, si la mtu mwingine.

Sababu ya mkasa huo si uchawi. Kompyuta haiipi printa kazi yote kwa mkupuo. Huiandika kwanza katika faili, huiweka katika foleni, kisha huipeleka sehemu kwa sehemu. Nayo printa huzihifadhi sehemu hizo katika kumbukumbu yake ndogo kabla ya kuzitia wino. Basi agizo moja, baada ya kutolewa, hukaa mahali patatu kwa wakati mmoja: katika foleni, katika kumbukumbu ya printa, na katika karatasi iliyokwisha kuumwa na magurudumu. Kila mahali pana dawa yake. La foleni hufutwa katika kompyuta. Lililokwisha kupokewa hukatizwa kwa kitufe cha printa yenyewe. Na karatasi iliyo njiani huachwa itoke, kwa maana kuivuta ni kuichana na kuiziba njia. Achomoaye waya aweza kuisahaulisha printa, lakini foleni haijui habari hiyo. Hungoja, na umeme urudipo huendelea na kazi kwa uaminifu wa mtumishi ambaye hakuambiwa kitu.

Wakulima wa Kimeru na Waarusha, ambao kwa vizazi vingi wamechimba mifereji ya kuyateremsha maji ya mlima hadi mashambani, hawahitaji mashine iwafundishe jambo hili. Mtu akifunga banio kule juu mtoni, amezuia maji ambayo hayajaingia mferejini. Yale yaliyokwisha kuingia yanateremka vile vile, na miche iliyo bondeni haitaokolewa na nia njema ya aliye juu. Atakaye kuiokoa hana budi kushuka, mguu kwa mguu na maji, hadi mahali pa kuyageuza.

Lugha ya Kiswahili imeweka tofauti ambazo mwalimu yule hakuzizingatia. Kusitisha agizo ni kulisimamisha likiwa hai. Kufuta ni kuyaondoa maandishi yake. Kutangua ni kuiondoa nguvu yake, popote ilipokwisha kufika. Mwalimu alisitisha, akadhani ametangua. Makosa ya namna hii hutendwa na watu wengi katika mambo mazito kuliko karatasi: baba aliyemfukuza mwana kwa hasira, akatulia moyoni bila kutuma mtu wa kumrudisha, tajiri aliyeamuru mtumishi akatwe mshahara, akasamehe, asimwambie mtunza hesabu. Hasira imekwisha, lakini agizo la hasira bado linatembea.

Yamkini atatokea wa kupinga kwa kusema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ni ya kweli, ila imefanywa kichaka cha wengi. Inasema juu ya maji yaliyokwisha kufika chini; haisemi neno juu ya mtungi ambao bado umeinama. Kati ya tendo lililokwisha na tendo lisiloanza kuna tendo lililo njiani, na humo ndimo wajibu wa mwenye kuamuru unamopimwa. Akatazamaye mtungi ukimwagika na kulilia maji ya sakafuni, ilhali mkono wake waweza kuufikia, hana haki ya kujikinga kwa methali.

Mji wa Arusha ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili, kwa sababu hapo ndipo lilipofikishwa mbele ya waamuzi kwa uzito usiolingana na mtihani wala mfereji. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilikaa Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Miongoni mwa walioshitakiwa alikuwamo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria na mwalimu wa chuo kikuu, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM, ambayo sauti yake ilichochea mauaji ya Watutsi. Mahakama ilimhukumu tarehe 3 Desemba 2003. Na katika rufani, tarehe 28 Novemba 2007, hatia zake kadhaa ziliondolewa, na kifungo cha maisha kikageuzwa kuwa miaka 30.

Hatia iliyobaki yastahili kusomwa kwa makini na kila mtu wa kalamu. Haikusimama juu ya maneno aliyoyasema yeye mwenyewe redioni. Ilisimama juu ya matangazo ya watu waliokuwa chini yake, yaliyotolewa baada ya tarehe 6 Aprili 1994, ambayo alikuwa na uwezo wa kuyazuia asiyazuie. Na uwezo huo haukukisiwa tu. Ilionekana kwamba mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai mwaka ule, redio ilipokuwa ikimshambulia kwa maneno Jenerali Dallaire na jeshi la Umoja wa Mataifa, Nahimana aliingia kati, na mashambulio yakakoma. Kitufe kilikuwapo, na mkono ulikifikia. Kwa wageni kilibonyezwa. Kwa wale waliokuwa wakiuawa hakikubonyezwa.

Hapana mtu atakayesema kwamba karatasi zilizoharibika na damu ya watu ni mizani moja. Kilicho kimoja ni kanuni: aliyekianzisha kitu, au aliyepewa mamlaka juu yake, hana deni la neno la kwanza peke yake, bali na la neno la mwisho. Awezaye kukatiza asipokatiza, amekuwa kana kwamba anaamuru upya kila dakika ipitayo.

Kanuni hii ina mipaka miwili. Wa kwanza ni uwezo: mtu hadaiwi kuyageuza maji yaliyokwisha kumpita na kuingia katika mfereji wa mwingine, hapo kutangua hugeuka kuwa kuomba, na kuomba nako ni wajibu, ingawa jibu halimo mkononi mwake. Wa pili ni haki ya mwenzake. Si kila agizo linalojutiwa laweza kutanguliwa. Ahadi iliyokwisha kujengewa nyumba na mtu mwingine si mali ya aliyeitoa tena, na kuivunja kwa jina la kubadili nia ni dhuluma ya pili. Mwenye busara hujiuliza kwanza agizo limefika wapi, na tena limeshikwa na nani.

Basi neno "basi" lina masharti. Halitimii katika moyo wa asemaye, wala katika kimya kinachofuata, bali pale ambapo agizo la kwanza limekutwa na kupokonywa nguvu. Mwalimu wa Tengeru alikuwa na hatua mbili za kwenda, kutoka waya hadi kompyuta, na usiku mzima wa kuzienda. Majuto yalimtosha, akalala.