Barua ya Emma



Kijana wa kidato cha kwanza alirudi nyumbani na kitabu cha Historia. Mwalimu amewafundisha maelezo matatu ya asili ya mtu: masimulizi ya jadi, uumbaji, na mageuko. Akauliza mezani, "Sasa baba, tushike gani?" Baba, mzee wa kanisa, akamjibu, "Nyamaza, hayo ni ya shetani." Mimi nilikuwa mgeni pale mezani, na nikaitikia amina. Kijana alinyamaza kweli. Siku hizi Jumapili hatumwoni.

Lawama tulimtupia Darwin. Lakini nyumba ya Darwin mwenyewe tunaijua? Kabla ya kumwoa Emma mwaka 1839, alimweleza mashaka yake waziwazi, ingawa baba yake alikuwa amemshauri ayafiche. Emma alikuwa mcha Mungu. Hakuvunja uchumba. Baada ya harusi alimwandikia barua ya upole, akimwambia angehuzunika mno kama angefikiri kwamba wao si wa kila mmoja milele.

Mwaka 1851 binti yao Annie akafa akiwa na miaka 10. Emma alikuwa mjamzito, hata kumfikia kitandani hakuweza. Wengi walioandika maisha ya Darwin wanasema imani yake ilizimika hapo. Kitabu chake maarufu kilitoka 1859. Sawa, nadharia alikuwa nayo kwenye madaftari zamani, siwezi kusema ilizaliwa na msiba. Ila angalieni mpangilio: kaburi kwanza, kitabu baadaye. Emma aliendelea kwenda na watoto kanisani, naye Charles akienda zake matembezi.

Mimi naamini Mwanzo sura ya kwanza, na sioni haya. Lakini nimejiuliza sana kuhusu yule kijana. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika dada yake. Tuliomba, tukafunga, tukamwambia atapona. Hakupona. Tangu siku hiyo hakuna aliyeketi naye kuzungumza, hata mimi. Ayubu alizika watoto kumi, akauliza maswali makali kuliko ya kitabu chochote cha shule, na Mungu hakumwambia nyamaza kwa kuwa ni ya shetani. Pengine kijana alianza na mifupa ya Turkana kwa sababu hilo ndilo swali lililoruhusiwa darasani.

Darwin alikufa 1882. Ile barua ya Emma alikuwa ameitunza miaka yote, na juu yake ameandika kwa mkono wake kwamba mara nyingi ameibusu na kuililia.